Kokoto za Mialoni Zisiingie Kwenye Masanduku ya Mboga na Samaki



Safari hii gazeti letu la ukutani halina habari ya pamba wala ya mbegu za alizeti. Ukurasa wote tumeutoa kwa jambo moja, nalo ni kokoto. Wapo watakaocheka. Wacheke, ila wasome mpaka chini.

Wote mnaufahamu ule ufugaji mpya ambao kaya kadhaa za hapa kwetu zimeuanza: tangi la samaki chini, sanduku la mboga juu. Maji ya samaki yanapandishwa kwenye sanduku, kwa pampu ndogo ya jua kwa mwenye nayo, kwa ndoo kwa asiye nayo. Yanapita katikati ya kokoto, yanarudi kwa samaki yakiwa yamesafika. Wataalamu wanauita akwaponiki. Sisi tunasema samaki na mboga, inatosha. Katika nchi ya kiangazi kama yetu, ambapo mvua ikishakatika Mei tunakaa tukitazama mawingu mpaka Oktoba na zaidi, kupata mchicha na sato kwa maji yaleyale yanayozunguka si mchezo wa watoto. Ni chakula. Ndiyo maana ushirika uliunga mkono jambo hili, na ndiyo maana hatuwezi kukaa kimya likiharibiwa.

Maana yake ni hii. Katika sanduku lile hakuna udongo. Kokoto ndiyo shamba lenyewe. Zinashika mizizi, zinachuja tope, na zaidi ya yote zinatunza vijidudu. Samaki anatoa amonia, na amonia ikizidi inamwua samaki huyohuyo aliyeitoa. Vijidudu vinavyojibandika juu ya kila kokoto vinaigeuza kwanza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu kuwa nitrati, ambayo ni mbolea ya mboga. Basi anayesema "kokoto ni kokoto tu" ni sawa na anayesema udongo ni udongo tu, na hapa Usukumani hakuna mkulima atakayekubali neno hilo. Mababu zetu waliipa kila ardhi jina lake, luseni ni luseni na ibushi ni ibushi, kwa sababu walijua kinachoota huku hakioti kule.

Sasa jamani, tangu kiangazi kianze kuna lori linaingia kijijini likitokea mialoni. Linamwaga mizigo ya namna mbili. Ya kwanza ni kokoto za mawe yaliyotolewa kwenye maduara, yale yaliyoonekana hayana dhahabu ya kutosha. Ya pili ni marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa. Mwenye lori anauza kwa bei ya kutupa, na kwa wengine anatoa bure ili tu apate pa kumwaga. Anasema: ni ngumu, hazivunjiki, hazimeng'enyuki, hata ukizikalisha majini miaka kumi. Na kaya zimepokea! Sisi tunasema wazi kwamba mzigo ule haufai kuingia kwenye sanduku la chakula hata debe moja, na tutaeleza sababu ili mtu asije akasema tumeona wivu wa biashara.

Tuanze na marudio. Kila mtu hapa ana mtoto au shemeji aliyepita machimboni, kwa hiyo hatuhitaji mwalimu. Jiwe linasagwa, linaoshwa kwenye mwalo, kinachobaki kinachanganywa na zebaki ndani ya karai, kinakamuliwa kwa kitambaa, kinachomwa. Zebaki haiondoki yote. Nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye mchanga. Na mchanga huo mara nyingi hauishii hapo, unauzwa kwa wenye mabwawa ya sianidi ili wakamue dhahabu iliyobaki. Sianidi kwenye jua na hewa huvunjika polepole, lakini samaki anakufa kwa kiasi kidogo sana ambacho macho hayakioni. Zebaki yenyewe haivunjiki. Leo ipo, kesho ipo, mjukuu wako ataikuta.

Wengine wanajibu: zebaki ni nzito, itakaa chini ya sanduku, itatudhuru vipi? Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Chini ya sanduku, kwenye tope la mavi ya samaki ambapo hewa haifiki, kuna vijidudu vingine tofauti na vile vyetu vizuri. Hivyo vinaweza kuichukua zebaki na kuigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, methili-zebaki, ambayo inaingia katika mwili wa kiumbe na haitoki upesi. Inaingia katika vidudu vya majini, kutoka hapo inaingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki inaingia kwetu. Haikai kwenye matumbo ya samaki ambayo tungeyatupa, inakaa kwenye mnofu. Hukai nayo mbali kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, wala kwa kumpara samaki vizuri. Kambale anayekula samaki wadogo huweza kubeba zaidi ya sato, maana anakula pamoja na ile waliyoibeba wenzake. Na anayeumia kwanza si mzee anayesoma gazeti hili. Ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unatengenezwa.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Huko Japani, mji wa Minamata, kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga uchafu wenye zebaki baharini. Watu walikula samaki na kombe wa ghuba yao kama walivyokula siku zote. Paka wakaanza kuruka ovyo na kufa. Halafu watu wakaanza kutetemeka, kushindwa kusema, kupotewa na macho, na wakazaliwa watoto wenye ulemavu kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa kumbukumbu ya mji huo dunia iliandika Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, na nchi yetu ya Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sasa tujiulize: serikali imetia sahihi zebaki ipunguzwe machimboni, sisi tunaibeba kwa lori mpaka jikoni?

Tuje kwa zile kokoto za maduara. Hapa mwenye lori ana neno, na tutalisema kwa haki: jiwe ambalo halikupita kwenye karai halikuchanganywa na zebaki, labda kama lilirundikwa kando ya mwalo, na mara nyingi ndivyo linavyorundikwa. Lakini liangalie jiwe lenyewe. Dhahabu ya ukanda huu wa Geita na Kahama mara nyingi inakaa pamoja na madini ya salfa, yale ya njano yanayong'aa ambayo kijana mgeni machimboni anayadhania utajiri. Baadhi ya mawe hayo yana aseniki pia. Jiwe la salfa likikaa kavu limetulia. Likilowa halafu likapata hewa, likalowa tena likapata hewa tena, linaanza kutoa tindikali, na tindikali inayeyusha madini mengine yaliyomo. Na sanduku letu linafanya nini mchana na usiku? Linajaa maji, linamwagika, linavuta hewa, linajaa tena! Hata mtu angetaka kutengeneza mashine ya kukamua sumu kwenye jiwe la mgodi, asingepata nzuri kuliko sanduku hilo. Juu linapumua na kutoa tindikali, chini limefunikwa na tope na kupika zebaki.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alipoagiza wananchi wa Geita wapewe magwangala ya mgodi, watu walishangilia, na walikuwa na haki, kwa sababu ndani ya mawe yale yaliyoitwa taka ilibaki dhahabu. Vizuri. Lakini ndugu, jiwe linaloweza kubaki na dhahabu baada ya kutupwa linabaki pia na wale waliokaa na dhahabu. Huwezi kuamini habari ya dhahabu ukakataa habari ya aseniki.

Wapo wanaosema: mbona marudio tumejengea, mbona tumefyatulia matofali? Nyumba hailiwi. (Na hata hilo la kufyatulia matofali tutalizungumza siku nyingine, leo ukuta hautoshi.) Wapo wanaosema gazeti linawapiga vita wachimbaji. Hapana. Wachimbaji ni watoto wetu, na fedha yao imesomesha na kuezeka nyumba nyingi humu. Tunachokataa ni taka ya kazi yao kupewa jina la pembejeo. Mchimbaji mwenyewe muulize kama atampikia mkewe mjamzito ndani ya karai la zebaki.

Na wapo wanaosema wamepima. Wamepimaje? Wamemwagia siki, haikutoa povu, wakasema jiwe safi. Hapa lazima tuelewane, maana kipimo cha siki tuliwafundisha sisi ushirika na sasa kinatumiwa kudanganya. Siki au maji ya ndimu inaonyesha chokaa, basi. Haionyeshi zebaki, haionyeshi aseniki, haionyeshi sianidi. Zebaki katika mchanga haionekani kwa macho wala kwa kunusa wala kwa ulimi. Inahitaji maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo kwa Kanda ya Ziwa ina ofisi Mwanza. Kwa hiyo mwanakijiji asiye na maabara ana kipimo kimoja tu: kujua jiwe limetoka wapi. Jiwe ambalo mwenye kulileta hawezi kukuonyesha shimo lake, usiliingize.

Sasa tutumie nini? Hatuwezi kukataza tu kama askari wa barabarani.

Chaguo letu la kwanza ni kokoto za granite za majabali yetu wenyewe, zile zinazovunjwa kwa nyundo na akina mama kule mlimani, mbali na machimbo. Granite haina chokaa ya kusumbua, haimeng'enyuki, na shimo lake tunalijua sote. Ukubwa uwe kati ya punje ya mahindi na ncha ya kidole gumba. Zikiwa ndogo kuliko hapo zinaziba, zikiwa kubwa sana nafasi ya vijidudu inapungua na mche hausimami. Chekecha kwanza, halafu osha mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara sita. Vumbi la granite lisilooshwa linakwenda kuganda chini na kufanya tope lilelile tunalolikimbia. Kina cha sanduku sentimita 30. Sanduku la mita 2 kwa mita 1 linameza debe 30 za kokoto, uzito wake karibu tani moja kabla hujaweka maji. Kwa hiyo wale waliosimamisha sanduku juu ya miti ya kukaushia dagaa, tunawaomba watazame miguu ya sanduku kabla haijawatazama wao.

La pili ni matofali ya kuchoma yaliyovunjwa. Ni mepesi kuliko granite, yana vitundu vingi ambavyo vijidudu vinavipenda, na vipande vipo kwenye kila tanuri lililobomolewa. Lakini ni tofali lililoiva kwelikweli, linalolia ukiligonga. Tia vipande kwenye ndoo ya maji wiki nzima. Kikilainika, hicho ni udongo umevaa rangi. Kama udongo ulitoka kwenye ibushi, zile chembe nyeupe za chokaa ndani ya tofali zinapasuka likilowa. Na vipande vyenye saruji vitupwe kando, saruji inaharibu maji kama chokaa.

Chokaa si sumu, tusije tukatishana bure. Yale mawe meupe ya ibushi hayatamwua mtu. Ila yanapandisha maji kwenye upande wa magadi. Mboga inashindwa kufyonza madini ya chuma, majani mapya yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, na amonia ileile inakuwa kali zaidi kwa samaki. Tumeona kaya ikinunua dawa ya wadudu kwa ajili ya majani ya njano ambayo wadudu hawakuyagusa.

Moram nyekundu ya barabarani tunaikataa, inageuka tope jekundu baada ya miezi michache. Pumba za mpunga zinaoza na kula hewa ya samaki. Mkaa unaelea, unavunjika, na juu ya hayo unatoka kwenye mti. Wazee wanakumbuka nchi hii ilivyokuwa imenyooka nyeupe kabla ya mradi wa HASHI kuanza mwaka 1986 na kuturudishia ngitili. Hatukurudisha miti ili tuje kuizamisha kwenye masanduku ya mchicha.

Mchanga wa mto umeleta ubishi mkubwa. Kijana mmoja msomi alitukatalia mbele ya watu, akasema Marekani miaka ya 1980 Mark McMurtry alilima kwa mchanga na maji ya sato, ikakubali. Ni kweli, ilikubali. Lakini ule ulikuwa mchanga mkubwa, uliochaguliwa, usio na vumbi. Mchanga wa mito yetu una udongo laini wa mbuga, na baada ya msimu mmoja sanduku linakuwa jaruba la mpunga, mizizi imeoza. Zaidi ya hapo, mto gani? Mto uliopita chini ya mwalo umebeba ya mwalo. Anayetaka mchanga auchekeche, auoshe, na atuambie ulichotwa juu ya machimbo au chini yake.

Hapa tunageukia upande wa pili, maana ubaya hauji kwa lori la bure peke yake. Kuna mabwana wanaopita na picha za rangi wakiuza vidonge vya udongo vya kutoka ng'ambo, vyepesi, vya mviringo kama gololi, wakisema bila hivyo samaki na mboga haiwezekani. Bei yake ingenunua mbuzi. Ni kitu kizuri, hatukatai. Lakini ni nini? Ni udongo uliochomwa kwenye tanuri mpaka ukavimba! Yaani sisi wenye matanuri kila kitongoji tusafirishiwe udongo uliochomwa kupitia bahari? Hii ni kasumba. Kuna pia mawe ya volkano ya Arusha na Mbeya, mepesi na yenye vitundu. Aliye karibu nayo ayatumie, yanashinda granite kwa nafasi ya vijidudu. Kwetu sisi nauli ya lori inameza faida yote. Sanduku la granite litafanya kazi ileile, ila mwanzoni uwe na subira: weka samaki wachache, ngoja wiki nne hadi sita vijidudu viote, ndipo uongeze. Nyingi za hasara tulizoziona hazikutoka kwenye aina ya kokoto, zilitoka kwenye haraka ya kujaza samaki hamsini siku ya kwanza.

Na tuseme jambo ambalo halmashauri ya ushirika haitalipenda. Kokoto za bure zimepata soko kwa sababu kokoto safi hazikupangiwa mpango. Akina mama wanavunja mawe juani kutwa, wanunuzi wao ni mafundi wa mjini wanaowapunja, wakati ushirika una mkokoteni, una ng'ombe, una mizani, na haujawahi kununua debe moja kwao. Mzee mmoja alitukumbusha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walivyokaa vikundi chini ya mwembe kusikiliza redio, na kesho yake wakachimba vyoo. Hawakusubiri lori. Tunadai ushirika ununue kokoto za mlimani kwa debe, kwa bei itakayopangwa mbele ya wanawake wenyewe, ziuzwe kwa wanachama kwa mkopo wa mavuno. Pesa izunguke humu kijijini kama maji ya sanduku.

Kwa kaya ambazo tayari zimemwaga mzigo wa mialoni, msifiche na msione haya, mliuziwa. Simamisheni maji. Samaki na mboga za humo wasipewe wajawazito, wanaonyonyesha wala watoto mpaka vipimo vitoke, na wakubwa nao wangoje. Mzigo usimwagwe kisimani, mbugani wala kwenye njia ya ng'ombe. Utiwe kwenye magunia na kufungwa, uwekwe pakavu chini ya paa, na bwana afya aelezwe. Usikauke ukapepetwa kwa mikono, vumbi lake nalo ni baya.

Sampuli zitapokelewa ofisi ya ushirika Jumatatu na Alhamisi asubuhi: kopo moja safi la mchanga au kokoto kutoka chini ya sanduku, chupa moja ya maji ya tangi, na samaki mmoja mzima aliyefungwa kwenye mfuko. Kila kimoja kiandikwe kitongoji na siku, jina la kaya libaki kwenye daftari la katibu. Tumeomba gharama ya kupeleka Mwanza itoke kwenye mfuko wa ushirika, na suala hilo ni la kwanza kwenye mkutano wa Jumamosi. Mwenye lori naye amealikwa, aje na jibu la swali moja: shimo liko wapi.